Bweni Tulilolijenga Wenyewe

Ukisimama mlangoni kwetu, kitu cha kwanza unachokiona ni paa la bweni. Bati zake ni za bluu, bado mpya, na jua la asubuhi likizipiga inabidi ugeuze uso. Kati ya mlango wetu na bweni hilo kuna majaruba mawili ya mpunga, mfereji, na uwanja wa mpira ambao goli lake moja limeanguka. Upepo ukiwa wa upande wetu, msichana akicheka kule mimi nasikia huku.

Naanza na hilo kwa sababu watu walisema mengi baadaye. Wapo waliosema sikutaka mdogo wangu asome. Wapo waliosema nilitaka abaki anisaidie shamba. Nilitaka asome. Nilitaka asome pale.

Tulibaki wawili. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Ilitokea tu kwamba zamu ya maji ya shamba letu iliangukia asubuhi ya siku ya masomo, na kwenye mfereji asiyekuwepo zamu yake inapita. Nilikwenda na sare yangu, sketi nimeikunja kiunoni, nikafungua maji na kusimama kuyalinda yasije yakachepushwa. Zamu iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Baada ya muda wazee wa mfereji wakawa wananiita kwa jina la baba, nami nikawa naitika. Mdogo wangu wakati huo alikuwa bado wa kushikwa mkono wakati wa kuvuka barabara.

Ana pumu. Alizaliwa nayo, au alianza mapema kiasi kwamba hakuna anayekumbuka siku ya kwanza. Nakijua kifua chake kuliko ninavyokijua changu. Kuna mluzi mwembamba unaoanza kabla yeye mwenyewe hajahisi kitu. Nikiusikia, namkalisha wima, nampa dawa yake ya kuvuta, halafu namsimulia upuuzi. Upuuzi ni sehemu ya dawa. Hofu humfunga kifua haraka kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo lazima asipate nafasi ya kuogopa. Jirani yetu anafuga bata mzinga mmoja mwenye kiburi, na mimi nimemtungia bata huyo maisha marefu: ameposa, amekataliwa, amegombea uenyekiti wa kijiji akashindwa kwa kura yake mwenyewe. Nikifika kwenye kura, kwa kawaida mdogo wangu anakuwa ameanza kutabasamu, na mtu anayetabasamu anapumua.

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa. Kwa miaka mingi iliishia kidato cha nne. Aliyefaulu kuendelea alipangiwa mbali, Tabora, Tanga, Songea, popote, na sisi tulichoka kuwasindikiza watoto hadi barabara kuu pale Igawa na masanduku yao ya bati. Kwa hiyo afisa mmoja wa wilaya alipokuja kutuambia kwamba tukiweka bweni na maabara shule inaweza kupandishwa iwe na kidato cha tano na cha sita, watu hawakusubiri amalize chai.

Kwetu kazi ya pamoja inafahamika. Kila mwaka kabla ya mvua, kila kaya hupewa kipande chake cha mfereji cha kufukua tope. Usipofukua, msimu ukifika maji yanapita mbele ya shamba lako nawe unayaangalia. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na hakuna mtoto asiyeijua. Bweni tulilijenga kwa sheria hiyo hiyo. Kila kaya ilifyatua tofali zake, ikachoma, ikabeba hadi kiwanjani. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alibeba na wenzake kila Jumamosi, na nilipomkataza kwa sababu ya vumbi, alijifunga kitambaa puani akabeba kwa kujificha.

Fundi mkuu alikuwa Mngoni wa Songea, na nusu ya vibarua walikuwa Wahehe, ambao ni watani wake. Kazi ilikwenda kwa matusi ya furaha kuanzia asubuhi.

"Mwalimu!" Fundi alikuwa akipaza sauti kila Wahehe walipotokea. "Mbwa wa shule mfungieni ofisini, wageni wamefika!"

"Mfungie na panya, Mngoni," walimjibu. "Tusije tukakosa fundi, kila saa yuko shimoni anachimbua mboga."

"Panya wangu namla na familia yangu. Nyie mbwa mnamla hata mwenye mbwa hajapewa mkia!"

Nilicheka sana miezi ile. Nikibeba tofali, nilikuwa nalihesabu bweni kuwa ni letu, na nadhani kila mtu alikuwa akifanya hivyo moyoni. Nilishachagua hata dirisha: la mwisho upande wa mfereji, ambalo lingekuwa karibu na mimi.

Hakuna aliyetudanganya. Hili nimelifikiria sana. Hakuna afisa aliyesimama akasema watakaolala humu ni watoto wenu. Hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu kwetu hapakuwa na swali. Mtu akija kukagua mfereji wako mpya, humuulizi kama wewe uliyeuchimba utapata maji.

Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yalipotoka, tulikwenda kuyaangalia kwa kijana mwenye duka la simu, karibu na mashine ya kukoboa. Msongamano ulikuwa mkubwa. Kijana alikuwa anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Watoto wetu wa sayansi waliofaulu mwaka ule walikuwa wengi kuliko kawaida, na hakuna hata mmoja aliyepangiwa shule yetu. Mmoja Tabora, mwingine Mtwara, mwingine Kibondo. Mdogo wangu Mufindi, huko juu milimani mkoa wa Iringa. Halafu yule kijana akafungua orodha ya shule yetu wenyewe, akasoma wanakotoka waliopangiwa: Geita, Lindi, Tanga, Kigoma, Moshi. Mzee mmoja akauliza, "Hao ndio wanakuja kulala kwenye tofali zangu?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatabasamu. Aliponiona namtazama, akaacha.

Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu, Mufindi. Kwetu chini huku kila mtu atakuambia pumu ni baridi. Na Mufindi ni baridi yenyewe, ukungu unaingia hadi kitandani, na shule za bweni hufungua mwezi wa saba, wakati huko juu hata maji ya kunawa yanauma. Nilijiuliza nani atausikia ule mluzi kwenye chumba cha wasichana waliochoka, kila mmoja amejifunika blanketi hadi kichwani.

Mkutano wa kijiji uliitwa ndani ya ghala la mpunga, kwa sababu upepo wa msimu ule ulikuwa mkali. Shehe aliomba dua, mchungaji akaomba sala, kisha watu wakaanza kugombana. Mkuu wa shule yetu alikuwepo. Ni mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na watu wanamheshimu kwa sababu alishika jembe siku za msingi.

Mwenyekiti wa kamati ya mfereji ndiye aliyeanza. "Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila kwetu aliyechimba ndiye anayefungua maji. Wa chini anasubiri wa juu amwagilie. Sasa hili bweni tumechimba sisi, na maji yameanzia kwa watu wa Geita. Hiyo ni sheria ya wapi?"

Watu walipiga meza na magunia. Mkuu wa shule akasubiri.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Maji ya mfereji wenu yanatoka wapi?"

"Mtoni."

"Na mto?"

"Milimani huko, kwa Wabena."

"Mliuchimba?"

Watu walicheka. Mzee naye alicheka, lakini hakukaa. "Mto aliuchimba Mungu, mwalimu. Bweni tumelichimba sisi. Usituchanganyie mafundi."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mkuu wa shule akainamisha kichwa kukubali kwamba amepigwa. Halafu akaongea kwa muda mrefu, na nakiri kwamba aliongea vizuri. Alisema yeye mwenyewe alitolewa Bukoba akapangiwa Songea akiwa binti, akalia kuanzia nyumbani hadi Dodoma, na Dodoma akaacha kwa sababu machozi yalikwisha. Alisema huko alijifunza kwamba kuna watu wanakula chakula ambacho mama yake aliwapa kuku, na ni watu wazuri. "Nisingepelekwa, hata mume nisingempata. Mume wangu ni wa huku kwenu. Mnanitaka, hamnitaki?"

"Tunakutaka!"

"Basi. Mkisema kila shule ni ya waliojenga tu, na walimu nao wawe wa hapa. Mwenye mtoto mwalimu wa fizikia anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati.

Ndipo niliposimama. Sikuwa nimepanga. Wasichana walikaa upande wa magunia, na mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, na mimi nilijua yupo pale. Nilisema mwalimu ni mtu mzima, akiugua anajua kuomba msaada. Nikasema mdogo wangu ana pumu, na nikaieleza: jinsi midomo inavyobadilika rangi, jinsi anavyoshika ukingo wa kitanda, jinsi alivyowahi kujikojolea akitafuta hewa. Nilisema sipingi watoto kuchanganyika. Watanzania wachanganyike. Lakini huyu mmoja niachieni, nimemweka mbali na kaburi kwa mikono yangu.

Kisha mama mmoja akaanza kulia, na baada yake kijiji kizima kikasimama. Mwenyekiti wa kijiji akapiga magoti mbele ya mkuu wa shule, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Mwanangu, tupe hata nafasi moja. Moja tu, tujue kwamba tulijenga." Mkuu wa shule alimwinua. Alisema yeye hapangi wanafunzi, lakini kila mwaka kuna wanaopangiwa wasifike, na nafasi zao hurudishwa. Nafasi ikibaki, na shule ya Mufindi ikimruhusu kwa sababu ya ugonjwa, angeomba huyu mtoto aletwe. Hakuahidi. Sisi tulisikia ameahidi.

Nikatoka pale nimebebwa na watu. Kifua cha mdogo wangu kilikuwa kimekuwa cha kijiji. Kila niliyekutana naye njiani aliuliza, "Yule mtoto wetu anapumuaje?"

Nyumbani yeye alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Umewaambia hadi nilivyojikojolea."

"Nilikuwa nataka wakuelewe."

"Wamenielewa. Wavulana wa darasa langu wameelewa vizuri kabisa." Aliendelea kutoa mawe, moja moja. "Dada, umeniuliza hata mara moja kama nataka kubaki?"

"Unataka kwenda kufa Mufindi?"

"Nataka kwenda mahali ambapo mtu akiniona hanionei huruma kwanza. Hapa mimi ni yatima wa mfereji. Nikipata alama nzuri, wanasema, masikini, na hana mama. Nikikosea, wanasema, masikini, hana mama. Nataka siku moja nikosee kwa sababu nimekosea tu."

Nilimwambia amalize mchele, maji yamechemka.

Aliondoka na wenzake wawili waliopangiwa njia hiyo hiyo. Nilimfungia dawa za kuvuta kwenye soksi ili zisigongane. Nilimfundisha tena maneno ya kumwambia matroni, na alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Wiki hiyo hiyo wasichana wa mbali wakaanza kuwasili bwenini kwetu na magodoro yao. Sikuwachukia. Walikuja kununua mchicha kwangu, nikawauzia. Mmoja aliniuliza kama huku kuna mamba kwenye mfereji, na nilimjibu hakuna, na sikuongeza neno ingawa niliona anataka kuongea.

Simu ilikuja mchana, tukiwa uwanjani tunapiga mpunga. Ilikuwa namba nisiyoijua. Matroni wa Mufindi alisema, bila salamu, kwamba mtoto amebanwa, dawa ameshavuta, gari la kumpeleka hospitali linakuja, lakini anamtaja dada yake.

"Mwekee sikioni," nilisema.

Nikausikia mluzi. Kwa simu ulikuwa mdogo, wa kuvunjika vunjika, kama mtu anayepuliza bua la mpunga. Watu walisimamisha kupiga. Na mimi, katikati ya uwanja, mbele ya wanaume na mashuke ya mpunga, nilianza kumsimulia bata mzinga. Nilimwambia amerudi kugombea, safari hii ana wapambe, ameahidi maji kwa kuku wote. Nilimwambia jogoo amekata rufaa. Sikujua kama ananisikia. Hakuna aliyecheka uwanjani, na mzee mmoja alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Niliongea mpaka simu ikakatika, na baada ya kukatika niliendelea kidogo, nikiwa nimesahau kwamba hakuna mtu.

Alifikishwa hospitali, wakamsaidia, akarudi shuleni. Hayo niliambiwa jioni. Kati ya mchana na jioni ile sikuwa na kitu chochote ambacho mkono wangu ungeweza kufanya, na nadhani tangu kuzaliwa kwangu sijawahi kukaa muda mrefu hivyo nikiwa na mikono mitupu.

Kijiji kilipopata habari, mwenyekiti alikwenda wilayani na kamati yote ya mfereji, wakakaa kwenye benchi la nje hadi wakaonwa. Na kweli nafasi ilipatikana. Binti mmoja wa mbali hakuripoti. Mkuu wa shule alinipigia mwenyewe: shule ya Mufindi ikikubali kumwachia, na jina likifika mwanzoni mwa wiki, mdogo wangu atalala kwenye bweni letu. Akina mama walipiga vigelegele kisimani. Nafasi moja tu, lakini watu walitembea wima.

Nikaenda kumchukua.

Ukitoka kwetu bondeni kupanda Mufindi, unaona nchi inavyobadilika kama mtu anayebadili nguo: mpunga unaisha, mahindi yanakuja, kisha misonobari, kisha chai, na ukungu. Mzee aliyenielekeza njia ya shule alinisalimu "Kamwene," nikamwitikia kwa Kihehe, lugha ya mama, na hilo tu lilitaka kunitoa machozi. Baridi ilikuwa kama nilivyoiogopa. Nilivaa sweta langu juu ya vitenge viwili na bado meno yaligongana.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni na wenzake watatu, wamejibana chini ya blanketi moja, wanasoma kitabu kimoja. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama akanikumbatia kwa nguvu, na nikasikiliza kifua chake kabla sijasikia anachosema. Kilikuwa shwari.

"Wewe ndiye dada wa bata?" aliuliza msichana mmoja mrefu wa Tarime, sauti nzito kama ya askari. "Aliposhinda uchaguzi, aliwapa maji au alisahau?"

"Alisahau," nikasema.

"Nilijua! Mchele, nilikwambia!"

"Mchele ni nani?"

Wote walimnyooshea kidole mdogo wangu wakicheka. Siku ya kwanza alikuwa amelalamikia ugali, basi jina likamkaa. Yule wa Tarime alinieleza, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, kwamba wao wanne wamepanga vitanda pamoja, na kwamba huyu Mchele akianza filimbi wanamkalisha, mmoja anakimbilia dawa, mmoja matroni, na yeye anamsimulia ng'ombe wa babu yake. "Ng'ombe si mzuri kama bata," alisema, "lakini tunajitahidi."

Nilimshukuru. Nilitakiwa kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyekuta shamba lake limelimwa na wengine, vizuri, na hajui asimame wapi.

Nilimwona muuguzi wa zahanati ya shule ili aniandikie maelezo ya ugonjwa. Alikuwa mama mtu mzima, mwepesi wa kuandika. Aliniuliza maswali ya kawaida, halafu akauliza, "Huko nyumbani mnapikia nini?"

"Pumba za mpunga." Kwetu kila mtu hupikia pumba, zinarundikana mashineni hadi watu wanaziomba zitolewe.

"Jiko liko nje?"

"Kiangazi nje. Mvua ikianza, ndani. Na siku za baridi, ndani, apate joto."

Kalamu yake ilisimama. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alisema, "Mama, sikudanganyi. Baridi hii si nzuri kwake. Amebanwa hapa na huenda akabanwa tena. Ila na moshi wa pumba na vumbi la mashine, huko nako siwezi kukuambia ni dawa."

"Sasa wapi ndiyo dawa?"

Alinitazama. "Ningekuwa najua, ningekuandikia."

Mkuu wa shule ile alikuwa tayari kumwachia. Alihitaji neno langu tu, kama mlezi. Nikamwita mdogo wangu pembeni, nyuma ya jiko la shule ambako kuni zilikuwa zimepangwa. Nilimweleza juu ya nafasi. Nilimweleza jinsi wazee walivyokaa kwenye benchi. Alisikiliza akisugua mikono.

"Wewe ndiye mzazi wangu," alisema. "Ukisema nifungashe, nafungasha sasa hivi. Sitanuna."

"Nakuuliza unataka nini."

"Ninachotaka ulikisikia nyumbani, dada. Hakijabadilika." Akanyanyua ukuni mmoja, akaurudisha. "Siku ile nilipobanwa niliogopa sana. Nilikutaka wewe. Hata kesho nikibanwa nitakutaka wewe. Lakini sitaki kurudi."

Kengele iligongwa. Aliniomba ruhusa, kweli aliniomba, aende darasani kwanza kwa sababu kulikuwa na jaribio, na mimi nikamruhusu. Nikatembea hadi getini, mahali ambapo mtandao unashika, nikampigia mkuu wa shule yetu.

"Mwalimu, ile nafasi iachie."

"Nimeishika kwa meno hiyo. Unaelewa kwamba haitabaki kijijini? Itakwenda kwa mtoto wa popote."

"Naelewa."

"Uko sawa?"

"Hapana, mwalimu."

Sikuwa nimeweka simu mfukoni, mwenyekiti wa kijiji akapiga. Habari ilimkuta hata kabla sijaanza kuwaza jinsi ya kumwambia.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo yako kaa nayo! Umefanya nini? Kijiji kizima kimeliombea jambo hili. Nilipiga magoti mimi, mwanangu, magoti haya yenye maumivu! Nafasi moja tuliyopata kwenye bweni letu wenyewe, umeitupa!"

"Nimeitupa, baba."

"Kwani amepona?"

"Hajapona."

"Huko kuna daktari?"

"Yuko mbali."

"Baridi?"

"Ipo sana."

"Sasa niwaambie nini watu?"

"Sijui, baba."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake sauti za watu wakimuuliza nimesema nini. Alipoongea tena alikuwa mzee tu, hasira imemwishia njiani. "Mwachie sweta lako basi," alisema. "Huku kwetu utalifanyia nini."

Nilivua sweta, nikamwendea mlinzi wa geti. Mlinzi alisema wanafunzi wako darasani, wageni muda wao umeisha, ataliacha kwa matroni. Nilimtajia jina la mdogo wangu mara mbili, na kidato, na bweni. Alilipokea, akalitundika kwenye msumari ndani ya kibanda chake, akarudi kusikiliza redio.